AJAILI YA KAMPALA: Mikutano kibao, testi sifuri. Wakuu, nimechoka!

Wakuu, nawasalimu. Leo naandika nikiwa na hasira na sitaki mtu aje kuniambia nipunguze munkari. Mimi ni developa, yaani mwandika programu, natafuta riziki hapa Kampala. Kampuni siitaji, kwa hiyo msijisumbue kunifuata PM.

Ingia ofisi za programu mjini hapa, kuanzia Ntinda hadi Bugolobi, utakuta vikaratasi vya njano vimebandikwa ukutani: Cha kufanya, Kinafanywa, Kimekwisha. Ukiuliza, unajibiwa kwa kifua mbele: "Sisi ni ajaili", yaani agile, ule mtindo wa kujenga programu kwa hatua fupifupi huku ukimsikiliza mteja. Haya, omba uonyeshwe testi moja, yaani kiprogramu kinachokagua kama programu yako inafanya kazi sawasawa. Moja tu! Watu wanatazamana, mmoja anajifanya simu yake inaita, anatoka nje.

Kwetu stendapu, kile kikao cha kila siku cha kusimama, ni saa tatu asubuhi. Foleni ya Jinja Road ikikukamata shauri yako, jina linaandikwa. Skramu, utaratibu wa ajaili unaofuatwa na wengi, imeweka dakika 15, yetu inakula saa nzima. Sisi tumesimama, meneja kaketi na laptopu yake anatuhoji mmoja mmoja: jana ulifanya nini, leo utafanya nini, kitu gani kinakukwamisha. Ukijibu kwamba kinachokukwamisha ni msimbo (yale maandishi ya programu) usiosomeka, unaambiwa hilo tutaliongea baadaye, na hiyo baadaye haijawahi kufika. Halafu hayo maswali matatu yenyewe, waanzilishi wa Skramu, Schwaber na Sutherland, walishayaondoa kwenye mwongozo wao katika toleo la 2020. Kikao kile ni cha madevelopa kupangana kazi ya siku. Nani aliwaambia ni gwaride la kumripotia mkubwa?

Kuvaa kanzu hakumfanyi mtu kuwa shehe.

Wale watu 17 waliokutana Snowbird kule Utah, Februari 2001, wakaandika lile tamko la ajaili, hawakuwa wauza semina. Walikuwa waandika programu. Mmoja wao ni Kent Beck, ambaye miaka minne kabla ya hapo alishatengeneza na Erich Gamma JUnit, chombo cha kuandikia testi, ili watu wa lugha ya Java waache kisingizio cha kutoandika testi. Na kwenye kanuni 12 zilizofuatana na tamko, ya 9 inasema wazi kwamba kujali ubora wa kiufundi na usanifu mzuri kila siku ndiko kunakoongeza wepesi. Naona wengi walisoma mistari minne ya juu wakafunga ukurasa.

Maana ahadi kubwa ya ajaili ni kwamba mteja akibadili mawazo, wewe unabadilika naye bila kulia. Sasa utabadilikaje kama msimbo wako ukiguswa huku unabomoka kule, na hakuna mtu anayejua umebomoka mpaka mteja apige simu?

Twende kwenye mfano, maana najua kuna watu watasema napiga kelele tu.

Tunatunza mfumo wa sacco. Mwanachama anatoa akiba yake kwa simu, na mfumo unakokotoa tozo kabla ya kumwonyesha atapokea ngapi. Mlio Uganda mnakumbuka tarehe 1 Julai 2018 ilivyokuwa. Siku hiyohiyo ilianza shilingi 200 kwa siku ya kuingia WhatsApp na Facebook, na asilimia 1 kwenye miamala ya pesa za simu. Watu wakapiga kelele, na kabla mwaka haujaisha tozo ya miamala ikashushwa hadi asilimia 0.5, ikabaki kwenye kutoa pesa tu. Ile ya mitandao nayo mwaka 2021 ikaondoka, ikaja asilimia 12 kwenye bando. Watanzania nanyi mwaka huohuo mlionja tozo ya miamala, kwa hiyo tunaelewana. Serikali hubadili viwango, na itabadili tena. Mtu yeyote mwenye akili timamu angeweka kile kiwango mahali pamoja, akakipa jina linaloeleweka, akalala usingizi.

Kwetu je? Kwenye faili moja kimeandikwa 0.005. Kwenye jingine kiasi mara 5 gawanya kwa 1000. Kwenye faili la ripoti bado kuna 0.01 ya 2018, na juu yake mtu kaacha maneno haya: USIGUSE!!! MUULIZE MREFU. Mrefu mwenyewe alishahamia Dubai zamani. Hakuna aliyegusa. Hakuna anayejua ile 0.01 inamtoza nani, au kama inamtoza mtu kabisa. Funksheni, yaani kipande cha msimbo, inayofanya kazi hiyo inaitwa fanyaMalipo2_mpya_FINAL, ina mistari inayopita 1,000, na ukitaka kuiita unaandika fanyaMalipo2_mpya_FINAL(m, x2, true, false, true, 3). Niambieni wakuu, ile true ya pili ni ya nini? Na 3 ni tatu ya nini? Ukitaka kujua unashuka mistari 400 huko chini, ukifika umeshasahau ulichokuwa unatafuta. Ndiyo, ile ambayo haina FINAL nayo bado ipo. Na bado inaitwa na ukurasa mmoja!

Sasa sikilizeni. Mwanachama anatoa 13,500. Nusu ya asilimia moja ni 67.5. Uganda hii nusu shilingi utaipata duka gani? Lazima ipande iwe 68 au ishuke iwe 67. Kwenye ukurasa wa mwanachama inapanda, kwenye ripoti ya mwezi inashuka. Shilingi moja hapa, shilingi moja pale, mwisho wa mwezi vitabu havikubaliani. Mhasibu wa sacco, mama mmoja mtu mzima, anazihesabu kwa kalamu na daftari. Alinipigia mimi moja kwa moja, sijui namba alipewa na nani. "Mwanangu, hizi shilingi zinakwenda wapi? Wanachama watasema nimezila mimi."

Nikamwambia, mama shikamoo, nipe wiki hii nitakuja tukae tuzipitie. Wazo langu lilikuwa jepesi. Nakaa naye, anachukua daftari lake, ananipa mifano kama kumi: mtu akitoa 13,500 tozo iwe ngapi, akitoa 500 iwe ngapi, akitoa sifuri mfumo useme nini. Kila mfano unakuwa testi. Kutoa 13,500, tarajia 68, kama ndivyo alivyosema. Unaiandika kwa jina ambalo hata yeye akisomewa ataelewa. Kesho akija kijana mpya akabadilisha kitu, kompyuta yenyewe inamkatalia kabla mama hajaonewa. Hapo ndipo msimbo unaposomeka na kupimika, na mteja yumo ndani. Wale wa Snowbird walitaka nini zaidi ya hicho?

Meneja alipojua alikuja juu. Kwanza, mama si mtu wa kuongea na madevelopa, mawasiliano yote yapitie kwa mwenye bidhaa, yule anayepanga mahitaji ya mteja. Pili, hakuna tiketi, yaani kazi hiyo haijasajiliwa. Tatu, testi hazina pointi (namba za kukadiria uzito wa kazi) kwenye sprinti, ile awamu fupi ya kazi, kwa hiyo zitashusha kasi ya timu kwenye grafu anayompelekea mkurugenzi. Akamalizia: "Sisi ni ajaili, hatuna muda wa mambo ya kinadharia."

Nilinyamaza, maana ningefukuzwa siku ileile.

Mfano wa pili ni mfupi, ila unaniuma zaidi. Seva yetu inatumia UTC, ile saa ya kimataifa, na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Waendesha boda wengi hulipa marejesho usiku wakimaliza kazi. Akilipa tarehe 1 Machi saa sita na nusu usiku, kwa seva bado ni tarehe 28 Februari saa tatu na nusu usiku. Basi malipo yake yanaingia Februari, mwezi ambao mhasibu alidhani ameshaufunga. Kurekebisha si kazi. Kazi ni kuhakikisha umerekebisha, kwa sababu funksheni inayopokea malipo hayo inajichukulia saa ya sasa yenyewe humo ndani. Huwezi kuidanganya. Unajua kijana wetu wa kupima anafanyaje? Anabadilisha saa ya laptopu yake! Anaipeleka usiku wa manane, anabonyeza, anapiga picha ya skrini, anairudisha. Juzi alisahau kuirudisha, kivinjari kikaanza kulalamika kuhusu vyeti vya usalama vya kila tovuti, naye akadhani ni intaneti, akampigia simu mtu wa mtandao.

Dawa yake inajulikana. Funksheni isijichukulie saa, ipewe. Ukiiita kwenye mfumo unaipa saa halisi, ukiiita kwenye testi unaipa tarehe 1 Machi saa sita na nusu usiku kwa saa za Kampala, na unauliza: umeiweka mwezi gani? Testi hiyo inakimbia chini ya sekunde moja. Na lango la mtandao wa simu, pale malipo yanapopitia kuja kwetu, nalo ni hivyohivyo. Weka kitu cha katikati, wakati wa kupima uwe na lango la bandia, ujaribu hata ile hali ambayo jibu la malipo moja linaletwa mara mbili. Kwetu hali hiyo inapimwa na wanachama wenyewe, kwa pesa zao.

Nilipopendekeza angalau tufute msimbo uliokufa, jibu likawa: "Uache, unaweza kutufaa." Someni habari za Knight Capital, kampuni ya biashara ya hisa ya Marekani, tarehe 1 Agosti 2012. Walikuwa na msimbo wa zamani ambao hawakuutumia tena lakini hawakuufuta. Alama iliyokuwa ikiuwasha wakaipa kazi mpya. Kati ya seva 8, moja haikupandishiwa msimbo mpya. Soko lilipofunguliwa, ule wa zamani ukaamka humo ukaanza kununua na kuuza hisa hovyo, na kwa takriban dakika 45 kampuni ikapoteza zaidi ya dola milioni 400. Wale walikuwa na pesa za kupoteza. Sacco ya wauza ndizi inazo?

Najua hoja itakayokuja: testi zinachelewesha kazi, mteja anataka kuona kitu Ijumaa. Sawa. Ila mje na hesabu kamili. Wekeni na muda wa kutafuta kosa, wa kumpigia mtu aliyeko Dubai, wa kurekebisha data kwa mkono saa nne usiku, wa kuomba msamaha, na wa kijana kubadilisha saa ya laptopu. Huo wote haupo kwenye grafu ya meneja kwa sababu hauna tiketi. Halafu sprinti inayofuata kazi ndogo ya kuongeza kitufe inapewa pointi 8, watu wanashangaa mbona timu imekuwa nzito. Imekuwa nzito kwa sababu kila mtu anaogopa kugusa!

Na wateja wakubwa nao, hasa hawa wa miradi ya wafadhili, wasijitoe. Kwenye zabuni wanataka neno ajaili liwepo, kisha chini yake wanaambatanisha orodha ya mambo yote yatakayojengwa, na tarehe, na malipo kwa awamu, na hairuhusiwi kubadili hata rangi. Basi andikeni tu kwamba mnataka mkataba wa kawaida, hakuna atakayewacheka.

NYONGEZA: Mkuu uliyeandika hapo chini kwamba "mfumo ni wa zamani hauwezi kuandikiwa testi, uandikwe upya wote", sikubaliani nawe. Kuandika upya wote ndiyo ndoto ya kila developa mwenye hasira, na mimi hasira ninazo. Lakini ile mistari 1,000 ina sheria za pesa ambazo haziko mahali pengine popote. Ninachofanya sasa, kimyakimya, ni hiki: kabla ya kugusa kipande, naandika testi inayoshika kile kinachofanyika leo, hata kama ni makosa. Kisha nakichomoa kile kipande, nakipa jina lake, nabadilisha. Tozo nimeshaitoa, iko kwenye faili lake dogo, kiwango kimoja, na ile 0.01 nimegundua ilikuwa inaitwa na ripoti ambayo hakuna anayeifungua. Meneja hajui. Kwenye tiketi nimeandika "marekebisho ya ripoti".

NYONGEZA 2: Kwa mlioniuliza, ndiyo, nitakwenda kwa yule mama Alhamisi jioni baada ya kazi, kwa boda yangu na nauli yangu. Sasa naombeni msaada wa kweli. Wakuu mnaotunza mifumo ya sacco hapa Uganda, nusu shilingi ya tozo mnaipandisha au mnaishusha? Na mnafanya hivyo kwa kila muamala, au mnajumlisha kwanza halafu mnapandisha au kushusha mwisho wa siku? Majibu hayo mawili hayatoi jumla moja, na nisingependa kufika kwake mikono mitupu.