Vita, utoto na kicheko kichungu: nichukue riwaya ipi?

MsomajiWaTanga:
Wakuu, zamu ya kuchagua kitabu cha kikundi chetu imenifikia. Nataka riwaya ya Kiarabu ya vita, yenye kicheko kichungu, na utoto usikosekane. Nimebakiwa na tatu: Frankenstein in Baghdad ya Ahmed Saadawi, The Baghdad Clock ya Shahad Al Rawi na Death Is Hard Work ya Khaled Khalifa. Ijumaa nanunua. Ipi?

BintiSalum:
Mnasoma Kiarabu au tafsiri? Na wasomaji wenyewe ni wa rika gani? Bila hayo tutabahatisha tu.

Kalamu77:
Saadawi, sioni wa kumfikia. Baghdad ya 2005, mabomu kila kukicha. Hadi, muuza vikorokoro, anaokota viungo vya waliolipuliwa na kuvishona viwe maiti moja, ipate kuzikwa kwa heshima. Maiti inaamka, inaanza kulipiza visasi. Ndiyo iliyotwaa Tuzo ya Kimataifa ya Riwaya ya Kiarabu 2014.

BintiSalum:
Mtoto yuko wapi humo? Mwenye utoto ni Al Rawi. Vita vya 1991, wasichana wawili wanakutana kwenye handaki la kujikinga na mabomu, mmoja anaziona ndoto za mwenzake. Kisha vikwazo, na mtaa unahama nyumba kwa nyumba.

KutokaBuja:
Kwa Khalifa naomba mnivumilie. Ndugu watatu wanasafirisha maiti ya baba yao kutoka Damascus wakamzike kijijini upande wa Aleppo. Kwenye kizuizi askari wanaikamata maiti, kwa kuwa marehemu alikuwa anatafutwa. Kitabu kizuri mno. Lakini tulipokisoma kikundini kwetu, watu walicheka hapo. Dada mmoja akafunga kitabu. Alikuwa na miaka tisa alipovuka vizuizi vya namna hiyo, mdogo wake mgongoni, ameambiwa asilie hata akipigwa. Alitusimulia taratibu, akachukua mkoba wake, hakurudi tena. Usiku ule sikupata usingizi. Jua kwanza nani atakuwa amekaa hapo.

Kalamu77:
Pole sana. Ila wenye msiba nao hucheka. Kwetu watani huja matangani wakamwigiza marehemu, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka.

KutokaBuja:
Watani wana ruhusa, ndugu yangu. Sisi alitupa nani?

MsomajiWaTanga:
Samahani, sikusema. Tunasoma tafsiri ya Kiingereza, tuko kumi na mmoja, na wanne ni wa kidato cha pili.

BintiSalum:
Kidato cha pili! Hilo ndilo la kuanza nalo. Saadawi mweke kando.

WaMuscat:
Mimi nilimsoma kwa Kiarabu. Yule kiumbe anaitwa "Shismah", neno la mitaani Iraq kwa kitu ambacho jina lake halikujii. Kiswahili tunalo lile lile: Nanihii. Natamani mtu akitafsiri.

Kalamu77:
Nanihii linachekesha mno, litaua hofu.

WaMuscat:
Hofu imo humo humo. Aliyeungwa kwa miili ya watu wengi utampa jina la nani?