Riesling yangu inanuka mafuta ya taa, nimwage?

Nyota_ya_Asubuhi:
Wakuu habari zenu. Naombeni ushauri kabla sijamwaga kitu. Jana nimefungua chupa ya Riesling, mvinyo mweupe wa zabibu za jina hilo, ya 2013 kutoka Clare Valley, Australia. Kusogeza glasi puani tu, nikakutana na mafuta ya taa, kama mtu katoka kujaza kandili. Nikaonja kwa woga: ndimu tupu, uchachu mkali, sukari hakuna. Rangi imeanza kuwa ya dhahabu. Umeharibika?

La pili, ninayo nyingine ya Mosel, Ujerumani, imeandikwa Kabinett, kilevi asilimia 8. Nataka kumpelekea kaka yangu, na yeye mvinyo mtamu hagusi. Itamfaa?

Bi_Shamba:
Dada, usimwage! Mimi nilishamwaga chupa nzima kwa kutojua, na hadi leo inaniuma. Harufu hiyo ndiyo alama ya Riesling iliyokaa. Inatokana na kemikali iitwayo kwa kifupi TDN. Zabibu zikipigwa na jua, ngozi yake hujenga karotenoidi, zile zile zinazoipa karoti rangi, na kadiri mvinyo unavyokaa chupani ndivyo mabaki yake yanavyogeuka TDN. Clare Valley jua lipo, na chupa yako ina miaka yake. Kwa hiyo wala usishangae.

Mvinyo ulioharibika utaujua. Ukinuka karatasi iliyolowa na kuota ukungu, kizibo kimeuchafua. Ukinuka siki, hewa imeingia. Ndimu uliyoikuta ulimini inaonyesha wako uko hai.

Mzee_wa_Pipa:
Naunga mkono, ila tusimlazimishe mtu kuipenda. Wako wakulima wanaoacha majani yafunike vichala makusudi ili harufu hiyo isizidi. Mimi mwenyewe naipenda ikiwa kwa mbali, nyuma ya ndimu na asali.

Kichala:
Nijibu la kaka. Hapana, hiyo usimpelekee. Neno Kabinett linakwambia zabibu zilikuwa zimeiva kiasi gani siku ya kuvunwa; halikwambii mvinyo ni mtamu au mkavu, yaani usio na utamu. Juu yake kuna Spätlese, kisha Auslese, na kuendelea hadi Trockenbeerenauslese, ya zabibu zilizosinyaa zikiwa bado kwenye mzabibu.

Wewe angalia kilevi. Chachu hula sukari na kutoa kilevi. Asilimia 8 maana yake chachu ilisimamishwa mapema na sukari ikabaki. Mpe kaka chupa iliyoandikwa Trocken, yaani kavu, ambayo mara nyingi huwa na asilimia 12 hivi. Za Clare Valley nazo nyingi ni kavu, kama ulivyoonja.

Lakini hiyo Kabinett kunywa mwenyewe, tafadhali. Mosel ni baridi, mizabibu imepandwa kwenye miteremko mikali ya mawe ya sleti, na zabibu hubaki na uchachu mwingi. Utamu wake haukinai hata kidogo. Ni kama kung'ata tufaha bichi lililopakwa asali.

Nyota_ya_Asubuhi:
Asanteni sana wakuu. Ile ya Australia niliifunga nikaiweka kwenye friji, na leo nimeionja tena bila hofu. Harufu bado ipo, ila sasa naisikia na ndimu pamoja. Kabinett haiendi popote. Kaka natafuta Trocken.

Bi_Shamba:
Hapo sawa dada. Usiigandishe tu, baridi kali huua harufu yote. Itoe kwenye friji dakika 15 kabla ya kumimina.