Gumzo la familia: Neema ataanza awali wapi?

Mama Neema, saa 1:05 usiku
Shikamoo Baba, shikamoo Mama. Nawasalimu pia wifi na shemeji. Neema atatimiza miaka mitano mwezi ujao na Januari 2026 anapaswa kuanza darasa la awali. Mimi na baba yake tumezunguka shule kadhaa hapa Dodoma, na sasa zimebaki mbili ambazo zinatunyima usingizi. Ya kwanza ni shule ya msingi ya serikali hapa hapa Nzuguni, mwendo wa dakika kumi na mbili kwa hatua za mtoto. Ya pili ni ya mchepuo wa Kiingereza, iko upande wa Miyuji, na gari lake hufika mtaani kwetu. Naomba mawazo yenu kabla ya Ijumaa, kwa sababu hawa wa Miyuji wanataka tulipie nafasi.

Babu, saa 1:12 usiku
Marahaba, mkwe wangu. Mbukwenyi nyote. Kabla hamjaanza, nawakumbusha sheria ya kikundi hiki: maneno yaandikwe kamili. Nilifundisha watoto kuandika kwa miaka thelathini na minne, sitaki kusoma "xaxa" uzeeni. Endeleeni.

Baba Mdogo, saa 1:20 usiku
Shikamoo Baba. Shemeji, mimi sioni ugumu wowote hapo. Mtoto atasoma shule ya msingi yote kwa Kiswahili, halafu siku anapoingia kidato cha kwanza anakuta fizikia, biolojia na jiografia zote zimegeuka Kiingereza. Wangu wawili nimewapeleka mchepuo wa Kiingereza huku Dar es Salaam na sijutii shilingi hata moja. Kama tatizo ni umbali, basi mvumilie mwaka mmoja wa gari, kisha darasa la kwanza mumtafutie ya bweni mjini Morogoro au kwingineko.

Shangazi, saa 1:31 usiku
Kaka yangu mdogo, hilo la bweni liondoe mezani. Mwaka 2023 Kamishna wa Elimu alitoa waraka unaozuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, na mimi niliyeko darasani nakuambia ulichelewa.

Wifi, nimefundisha awali hapa Chamwino mwaka wa tisa sasa, kwa hiyo nitasema kirefu kidogo, mnisamehe. Jambo la kwanza, hakikisha hiyo ya Miyuji imesajiliwa kama shule na siyo kama kituo cha kulelea watoto mchana. Vituo vya malezi viko chini ya Ustawi wa Jamii, darasa la awali liko chini ya Wizara ya Elimu, na kuna wazazi wanaolipa ada ya shule mahali ambapo kisheria ni kituo, halafu wanahangaika mtoto anapohamia darasa la kwanza. Omba namba ya usajili, na usione haya.

La pili, usiangalie rangi za ukuta. Kaa nyuma ya darasa nusu saa. Tazama kama mwalimu anawaita watoto kwa majina. Tazama kama kona za kujifunzia zinatumika au zimepangwa kwa ajili ya wageni, maana utaona vifuniko vya chupa na mabunzi ya mahindi yamejaa vumbi la tangu Julai. Nenda chooni, uone kama mtoto wa miaka mitano anaweza kuchuchumaa pale bila kuogopa shimo, na kama bomba la kunawia liko kwenye kimo chake. Halafu uliza wanapewa nini saa nne. Mtoto mwenye njaa hahesabu vijiti.

Mama Neema, saa 1:44 usiku
Ahsante sana, wifi. Nilikaa madarasa yote mawili wiki iliyopita, nitasema nilichokiona bila kupendelea.

Miyuji darasa lina watoto ishirini na sita, mwalimu na msaidizi wake. Namba ya usajili ipo, nimeiona kwenye kibao na kwenye barua. Watoto wamekaa kimya kwenye viti vidogo wakinakili herufi kutoka ubaoni kwa muda wote niliokuwa pale, na kila mmoja alikuwa na madaftari manne. Mwalimu ni mpole. Ada ni milioni moja na laki mbili kwa mwaka, gari laki sita pembeni.

Hapa Nzuguni niliwahesabu themanini na nane kwenye chumba kimoja. Mwalimu ni mmoja, mama wa makamo, anajua majina yao yote, nami nilimjaribu kwa kumwonyesha watoto kwa kidole. Aliwatoa nje chini ya mti, akawagawa makundi, wakahesabu mawe huku wanaimba, na saa nne wakapata uji ambao wazazi wanauchangia kwa makubaliano ya kikao. Lakini themanini na nane ni themanini na nane.

Shangazi, saa 1:52 usiku
Hapo siwezi kuitetea serikali, wifi. Kiwango ni watoto ishirini na tano kwa mwalimu mmoja wa awali. Tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 watoto walifurika, na nyie mliohamia na wizara mmetujazia madarasa ya Dodoma kuliko vyumba vinavyojengwa. Ila hayo madaftari manne ya mtoto wa miaka mitano yananitisha kuliko wingi wa watoto. Darasa la awali ni la kucheza, kuimba, kushika, kusimulia. Kidole chake bado hakijakomaa kwa kalamu.

Baba Mdogo, saa 1:58 usiku
Na Kiingereza, dada?

Shangazi, saa 2:06 usiku
Kwa mtaala ulioanza 2024, Kiingereza ni somo tangu darasa la kwanza, hakisubiri tena darasa la tatu. Sikatai kwamba kidato cha kwanza kitakuwa mlima, wala sisemi shule zetu zinakifundisha vizuri. Ninachosema ni kwamba mtoto hujifunza kusoma mara moja tu katika maisha yake. Akijifunza kwa lugha anayoielewa, akasoma "mama anapika ugali" na kuuona ugali kichwani, hiyo kazi imekwisha, na lugha ya pili ataisoma kwa ufunguo ule ule. Akijifunza kwa lugha asiyoielewa, atakariri sauti kama kasuku.

Babu, saa 2:15 usiku
Nilipoanza kazi vijijini Mpwapwa nilipokea watoto wa darasa la kwanza ambao nyumbani walizungumza Kigogo tu. Siku za mwanzo walinitazama kama ukuta. Nilikuwa nawasemesha Kigogo hadi waelewe, ndipo nawapa neno la Kiswahili, na kufikia mavuno walikuwa wanabishana nami kwa Kiswahili. Wenzangu waliowakataza Kigogo kwa kiboko walikaa na madarasa ya mabubu mwaka mzima. Huo ndio ushahidi nilio nao, mengine amueni wenyewe.

Baba Neema, saa 2:21 usiku
Mimi nimekuwa kimya kwa sababu nilikuwa upande wa Miyuji. Jana nikaamua kulifuata lile gari kwa pikipiki. Linaanzia kwetu saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, kukiwa na giza, linazunguka Ilazo, linashuka Kisasa, linapita Area D, na watoto wanashuka shuleni saa moja na robo. Neema angekuwa wa kwanza kupakiwa na wa mwisho kushushwa. Nilimwona mtoto mmoja amelala amegandamiza shavu kwenye kioo. Ndugu yangu, usinielewe vibaya, Kiingereza nakitaka.

Babu, saa 2:27 usiku
Bibi yenu yuko hapa pembeni, ananituma niandike. Anasema mnazungumzia asubuhi tu. Awali wanatoka mchana, na nyie kazini Mtumba, kwenye mji wa serikali, mnatoka saa tisa na nusu, foleni juu yake. Huyu mtoto saa sita hadi saa kumi atakuwa na nani? Tena anauliza lile korongo mnalovuka, maana Januari hadi Machi likijaa linachukua hata ng'ombe.

Mama Neema, saa 2:35 usiku
Mama amenigusa penyewe. Nakiri kwamba moja ya sababu za kuipenda Miyuji ni kwamba wana huduma ya kukaa na watoto hadi saa kumi, na nilikuwa naona aibu kuisema. Korongo tunalikwepa kwa kupita daraja la juu, ndiyo hizo dakika kumi na mbili. Bila hivyo ni dakika tano.

Bibi (ameandika Babu), saa 2:41 usiku
Mimi ningekuja, lakini Januari ndiyo palizi ya mtama. Nikishavuna nitakaa naye. Huyo mama jirani anayeshona, mjukuu wake anasoma wapi?

Mama Neema, saa 2:49 usiku
Mama, nimetoka kumgongea mlango sasa hivi. Mjukuu wake anaingia awali hapo hapo Nzuguni. Amekubali kuwachukua wote wawili na kukaa nao pale kibandani kwake hadi nirudi, tukimpa elfu hamsini kwa mwezi na Neema akienda na chakula chake.

Baba Mdogo, saa 2:55 usiku
Sawa, nimeshindwa kwa kura. Basi vitabu vya hadithi vya Kiingereza nitavituma mimi, na shemeji umsomee usiku. Hilo msinikatalie.

Mama Neema, saa 2:57 usiku
Hatukatai, shemeji, tunapokea kwa mikono miwili.

Baba Neema, saa 3:04 usiku
Kesho naenda kumwandikisha. Wanataka nakala ya cheti cha kuzaliwa, na nimepekua kabati lote sikioni.

Babu, saa 3:10 usiku
Kiko huku Mpwapwa, ndani ya sanduku la Bibi yenu, tangu siku ya ubatizo. Nitakikabidhi kwa kondakta wa basi la asubuhi kikiwa ndani ya bahasha ya kaki. Uwe stendi ya Nzuguni kabla ya saa nne.