Mama hataki kurudishwa Dar, mjomba anasema lazima. Nani mwenye uamuzi?

Binti wa Newala:
Shikamooni wakubwa zangu. Naandika usiku huu niko macho, Mama amelala chumba cha pili na nasikiliza anavyopumua.

Mama ana miaka 67. Msimu wa korosho uliopita alianza kukwamwa na ugali, baadaye wali, sasa ni uji mwepesi tu, tena vijiko vitatu. Ni saratani ya koo la chakula. Alipata mionzi Ocean Road, ile hospitali ya saratani ya Dar, akapata nafuu ya miezi michache, mpaka akawa anamenya ming'oko, vile viazi pori vyetu, mwenyewe. Sasa imerudi na imefika kwenye ini. Daktari alituambia wazi kwamba dawa ya kuiondoa haipo tena, kilichobaki ni tiba shufaa: kumtuliza maumivu na kumtunza.

Mjomba hakubali. Anataka shamba la mikorosho liuzwe, ikodiwe gari, arudishwe Dar. Na mnajua kwetu Wamakonde mjomba akisema amesema. Lakini Alhamisi, namwosha miguu, Mama aliniambia, "Mwanangu, ile barabara siiwezi tena. Niache hapa nisikie kuku wangu." Kaniambia mimi peke yangu. Nikimwambia mjomba, ataona nimechoka kuuguza.

La pili, amepewa morfini ya maji. Jirani kasema hiyo wanapewa wanaokata roho, na itammaliza haraka. Nimeogopa, nampa nusu ya kipimo, tena akilia tu. Nisaidieni.

Muuguzi mstaafu, Masasi:
Pole sana mwanangu. Nianze na dawa, maana hiyo haingoji kikao.

Morfini ikipimwa sawasawa haimmalizi mtu. Ukimpa nusu, tena akishalia, maumivu yanatangulia na dawa inakimbiza nyuma, haiyafikii. Mpe kipimo kamili alichoandikiwa, kwa saa. Ile ya maji kwa kawaida ni kila baada ya saa 4, hata kama wakati huo haumwi. Kwa vile umekuwa ukipunguza, wapigie kesho asubuhi waliokupa, waeleze ukweli, wakuambie uanzie wapi. Hawatakugombeza. Siku za mwanzo atasinzia na pengine atasikia kichefuchefu, huwa vinapungua. Choo ndicho kitakachofunga, na hicho hakizoeleki, kwa hiyo omba dawa ya kulainisha sasa hivi, usisubiri. Akisinzia kiasi kwamba ukimwita haamki, usimwongezee, piga simu papo hapo.

Uji usimlazimishe. Koo limeziba, ukijaza unaingia njia ya pumzi. Lowesha kitambaa safi, mpanguse midomo. Siku maji yenyewe yatakapokataa kupita, usikae nayo, waambie mapema ili watafute njia nyingine ya kumpa dawa.

Mjomba wa Tandahimba:
Binti, mimi ndiye huyo mjomba wako, miaka sita iliyopita, kwa dada yangu. Niliuza shamba. Nilimpakia kwenye gari akiwa amenikatalia kwa macho, maana sauti ilishamtoka. Amefia njiani, tumepita Nangurukuru, hata daraja la Rufiji hatujalifikia. Tuligeuza gari.

Haikuwa ubishi. Niliogopa watu waseme nimemwacha dada yangu afe na mikorosho yake imesimama. Mjomba wako naye huenda analala na hofu hiyohiyo. Usimpelekee maneno ya mama yako wewe, atayaona ni yako. Mwite aje, akae kitandani, mama yako aseme mwenyewe kwa kinywa chake, na mtu mzima mmoja wa ukoo awepo asikie. Fanya wiki hii, sauti ingalipo. Na mwulize mama mambo mengine palepale: anaogopa nini, anataka nani awe karibu, akishindwa kusema nani amsemee.

Mama Wawili, Lindi:
Nyongeza ndogo. Kama ni Waislamu na ana wasia, auseme mbele ya mashahidi na uandikwe. Wasia hauzidi theluthi ya mali, na mrithi hausiiwi bila warithi wenzake kuridhia. Sisi hatukuandika. Ndugu hatusalimiani mpaka leo.

Binti wa Newala:
Narudi kuwashukuru. Kliniki waliniambia nirudi kipimo kamili, na usiku wa pili Mama alilala mpaka adhana ya alfajiri.

Mjomba alikuja Jumamosi na mama mkubwa. Mama alisema yote, polepole, akipumzika katikati. Mjomba alikaa kimya muda mrefu, kofia ameishika mkononi. Kisha akamwuliza, "Dada, hukuniambia kwa nini?" Mama akamjibu, "Hukuniuliza."

Akatoka nje. Nikadhani ameondoka. Aliporudi aliomba aonyeshwe chupa ya dawa na sindano ya kupimia, akanifanya nirudie mara tatu. Kipimo cha saa 4 usiku sasa anampa yeye.