Pikapu za gitaa la solo: nibadilishe zote tatu au nianze na nyaya?

SoloWaNgamiani

Wakuu, kabla hamjaanza utani: nikisema pikapu sina maana ya gari la kubebea mchanga. Nasema hizi sumaku zenye koili zinazokaa chini ya nyuzi.

Gitaa langu ni nakala ya Stratocaster, lile gitaa la umeme la kampuni ya Fender, mtumba, nililichukua kwa shilingi 280,000 miaka mitatu iliyopita. Lina pikapu tatu za koili moja moja na swichi ya nafasi tano. Mbao safi, shingo imenyooka, halihami tyuni hata nikipiga sebene mpaka jasho likatiririka. Shida ni sauti. Linavuma kama friji kuukuu. Nikishika nyuzi mvumo unapungua, nikiachia unarudi. Volyumu inakwaruza, na nikiishusha kidogo tu kumpisha mwimbaji, trebo yote inaondoka, solo inalia kama ipo chini ya godoro.

Halafu kuna hili. Mwezi uliopita pikapu ya kati ilikatika nyaya zote mbili, nikapeleka kwa fundi mmoja wa redio. Akaunga, ikalia, nikamlipa. Tangu siku hiyo nafasi ya pili na ya nne kwenye swichi, ambazo ndizo nazitegemea nikipiga ridhimu, zinatoa sauti ya puani, haina besi hata kidogo. Na cha ajabu, mvumo kwenye nafasi hizo mbili ndio mkubwa kuliko kwingine kote. Zamani hapo ndipo palikuwa kimya.

Nimezipima kwa mita: kiloomu 5.8, 5.9 na 6.1. Kuna jamaa yuko Dubai anarudi mwezi ujao, amekubali kunibebea seti nzima. Bajeti 250,000. Nimwambie achukue?

Ah, na ukumbi tunaopiga Jumamosi kipaza sauti kinanipiga shoti mdomoni. Sijui kama vinahusiana.

MtotoWaSebene

Tupa zote weka hambaka, zile pikapu za koili mbili zinazofuta mvumo. Mvumo kwisha, sauti nene. Usijichoshe na vipimo.

SoloWaNgamiani

Hambaka ni pana mkuu, na gitaa limechimbwa matundu membamba. Nishike patasi?

FundiRisasi

Weka patasi chini. Na mwambie wa Dubai asubiri kwanza.

Nimefungua magitaa ya bendi tangu enzi za kaseti, na nakwambia mwenye gitaa akija analalamikia pikapu, mara nyingi pikapu ni nzima. Kiloomu 5.8 mpaka 6.1 ni kipimo cha kawaida kabisa kwa koili moja. Kama ingekuwa imekatika ndani, mita isingesoma kitu.

Nianze na hilo la puani, maana umelieleza vizuri kuliko unavyojua. Pikapu yako ya kati imetengenezwa kinyume na zile mbili: koili imezungushwa upande wa pili na sumaku imegeuzwa. Ikipigwa pamoja na jirani yake, sauti ya nyuzi inajumlishwa na mvumo unafutana. Ndiyo maana nafasi ya 2 na ya 4, ambazo hupiga pikapu mbili pamoja, zilikuwa kimya. Ni hesabu ile ile ya hambaka ambayo Seth Lover aliibuni pale kampuni ya magitaa ya Gibson mwaka 1955. Sasa fundi wako alipounga alibadilishana waya, wa moto akaupeleka kwenye ethi (ardhi), wa ethi akaupeleka kwenye swichi. Hesabu ikageuka: sauti ndiyo inafutana, mvumo ndio unajumlishwa. Fungua kibao cha plastiki, rudisha nyaya mbili za pikapu ya kati mahali pake. Dakika tano, gharama yake ni risasi ya kuchomelea yenye urefu wa kucha.

Mvumo wa jumla: ukishika nyuzi ukipungua, maana yake waya wa briji (kile chuma kinachoshika nyuzi tumboni mwa gitaa) upo na ethi yako inafanya kazi. Hakikisha kwa mita, kati ya briji na chuma cha nje cha jeki (tundu la kuchomeka waya wa gitaa) isome karibu na sifuri. Kinachokosekana ni ngao. Tundu la ndani ni mbao tupu, kila waya humo ni antena. Tafuta karatasi ya shaba yenye gundi, funika tundu lote na nyuma ya kibao, kisha unganisha shaba na ethi. Gundi nyingine haipitishi umeme, kwa hiyo kila kipande kinapokutana na kingine weka tone la risasi, halafu pima. Nimeona watu wanatumia foili ya kuchomea kuku. Inafanya kazi, ila haishiki risasi, kwa hiyo maungio yake yanakusumbua baadaye.

Volyumu: badilisha, usipulize dawa. Kwa koili moja tafuta ya kiloomu 250 yenye herufi A. Yenye B inapanda kwa mstari, sikio linaisikia kama haishuki, haishuki, halafu puu imeisha. Kuhusu trebo inayokimbia, chukua kapasita ya nanofaradi 1 na rezista ya kiloomu 150, viweke sambamba kati ya mguu wa kuingilia na mguu wa kati wa volyumu. Utaweza kushusha mpaka nusu na solo bado ikang'aa.

Kuchomelea: pasi ya wati 40 mpaka 60. Hiyo ndogo ya wati 15 haipashi mgongo wa volyumu, utaishia kuiva wewe. Kwangua mgongo kwa msasa kwanza. Usiguse ile dawa ya maji ya wachomelea mabati, ni asidi, itakula waya taratibu na baada ya miezi utarudi hapa kulaumu pikapu. Piga picha kabla hujafungua kitu chochote, na funika rangi ya gitaa kwa kitambaa, tone la risasi halisamehe vanishi.

Shoti ya mdomoni ni jambo jingine na ndilo linalonitisha. Nyuzi zako zimeungwa na bodi la amplifaya kupitia jeki. Kipaza sauti kimeungwa na mikisa. Kama mojawapo haina ethi ya kweli, wewe ndiye waya unaoviunganisha, na umeme wetu ni volti 230. Hakuna pikapu ya kutibu hilo. Kaangalie plagi ya amplifaya na ile ekstensheni ya ukumbini. Nimewahi kukuta waya wa ethi umekatwa makusudi "ili isivume". Kweli haikuvuma. Jumamosi hii usiimbe na gitaa mkononi mpaka mtu mwenye testa apite hapo.

BesiLikoni

Naongeza kutoka huku Mombasa. Kabla hujanunua volyumu, pima shimo! Mimi niliagiza mbili kutoka Luthuli Avenue Nairobi, zikaja kubwa za shingo ya milimita 9.5, gitaa langu la bei rahisi lina mashimo ya milimita 7. Nikakaa sebuleni nikiyapanua kwa faili huku mama akiuliza kama nafungua karakana.

Na teremsha pikapu. Bonyeza uzi kwenye freti (vile vyuma vya shingoni) ya mwisho kabisa, pima kutoka juu ya sumaku mpaka chini ya uzi: milimita 2 upande wa nyuzi nyembamba, 2.5 upande wa nene. Watu huzipandisha wakidhani watapata nguvu, kumbe sumaku inavuta uzi na noti za juu zinayumba. Bisibisi tu, hamna gharama.

MtotoWaSebene

Sawa nimenyamaza. Lakini hambaka zenye umbo la koili moja zipo, zinaingia bila kuchimba.

FundiRisasi

Zipo, hapo uko sahihi. Akitaka, aweke moja kwenye briji, basi. Ila kwa solo ya kwetu asichukue ile kali ya kiloomu 14. Hiyo ni ya kupiga roki, mizunguko mingi ya waya inakula trebo, na sebene bila trebo ni uji usio na sukari. Na ajue nyingi zinakuja na nyaya nne za rangi. Rangi zinatofautiana kwa kila kiwanda, afuate karatasi iliyo ndani ya boksi, asifuate picha ya mtandaoni.

SoloWaNgamiani

Shikamoo fundi. Nimerudi baada ya wiki mbili.

Kweli nyaya za kati zilikuwa zimegeuzwa. Nilipozirudisha nikapiga kodi moja nafasi ya nne, mke wangu akatoka jikoni akauliza nimeazima gitaa la nani. Volyumu nimeweka ya A250, pamoja na kapasita na rezista. Shaba nimeweka, vidole viwili vimeungua, tone moja la risasi limeanguka kwenye vanishi japo nilifunika (kitambaa kilikuwa kidogo). Mpaka sasa nimetumia 38,000.

Ukumbini tumekuta soketi ya jukwaani haina ethi kabisa, waya upo ukutani ila haujafungwa. Fundi umeme amefunga, mdomo wangu unawashukuru.

Kwa Dubai nimeagiza moja tu ya briji. Swali la mwisho: nafasi ya 1, 3 na 5 bado kuna mvumo mdogo, na nikigeuka kuangalia mlango unapotea. Nimekosea wapi?

FundiRisasi

Marahaba. Hujakosea. Koili moja inasikia transfoma ya amplifaya yako, na shaba haizuii hiyo. Sogea hatua mbili, pigia ukiangalia mlango.