Rimoti ya kuratibiwa inawasha kifaa kimoja na kuzima kingine

Swali
Habari zenu, ndugu. Nina rimoti niliyoiratibu iongoze televisheni, amplifaya na kicheza diski, na kitufe kimoja nilichokiita “Filamu” kinapaswa kuviwasha vyote vitatu na kuipeleka televisheni kwenye HDMI 2. Siku za mwanzo kilifanya kazi vizuri. Sasa nikikibonyeza, amplifaya na kicheza diski huwaka huku televisheni ikizimika, na nikibonyeza tena mambo hugeuka kinyume. Betri nimebadilisha. Je, rimoti imeharibika?

Jibu la 1
Rimoti yako ni nzima. Amri uliyoiweka ni ile inayowasha kifaa kilichozimwa na kuzima kilichowaka, na kwa kuwa mionzi ya infraredi huenda upande mmoja tu, rimoti haiwezi kujua kila kifaa kiko katika hali gani. Mtu akiwasha televisheni kwa mkono, hesabu yote inaharibika. Tafuta katika orodha ya amri za kila kifaa amri ya kuwasha tu na nyingine ya kuzima tu, kwa maana vifaa vingi huzitambua hata kama rimoti zake za asili hazina vitufe hivyo. Kagua pia HDMI-CEC, yaani mpangilio unaoviwezesha vifaa kuamrishana kupitia kebo ya HDMI. Ikiwa haijazimwa, kicheza diski kikiwaka huiamsha televisheni kupitia kebo, kisha amri ya rimoti inayofuata huizima. Jambo hili lilinihangaisha sana kabla sijalibaini, ndiyo maana nalisisitiza.

Jibu la 2
Naongeza kwamba televisheni inapowaka huchukua sekunde kadhaa kabla ya kupokea amri nyingine, kwa hiyo weka kituo, yaani muda wa kusubiri, cha sekunde 5 hadi 10 kabla ya amri ya HDMI 2, na uendelee kuielekeza rimoti kwenye vifaa hadi mfululizo wote uishe.

Muulizaji
Nashukuru sana. Televisheni na amplifaya zilikuwa na amri hizo mbili, CEC nimeizima, na kwa kituo cha sekunde 8 picha inakuja kila mara. Limebaki moja: kitufe cha kuruka sura, ambacho rimoti ilifundishwa kutoka kwenye rimoti ya asili ya kicheza diski, hufanya kazi mara ya kwanza tu, kisha hukataa hadi nibonyeze kitufe kingine.

Jibu la 1
Hiyo ni dalili ya RC-5, mmoja wa mifumo ya kutunga ujumbe wa rimoti, au mfumo wa aina yake. Rimoti ya asili hubadilisha alama moja ndogo katika ujumbe kila unapobonyeza upya, ili kifaa kitofautishe mbonyezo mpya na kitufe kilichoshikiliwa. Rimoti iliyofundishwa hurudia ujumbe uleule, hivyo kicheza diski hudhani hujaondoa kidole. Futa amri uliyoifundisha, kisha uchukue ile iliyomo tayari katika hifadhi ya rimoti kwa modeli ya kicheza diski chako, kwa sababu hapo rimoti hutunga ujumbe yenyewe na kuibadilisha alama hiyo inavyopaswa.