Kikundi cha Chumbageni: Mama na Zuhura wanakwenda Hyderabad

Zuhura: Asalaam aleykum jamani. Wakubwa wote shikamooni. Mimi na mama tunafika Hyderabad, India, Jumatano usiku, tunaondoka Jumanne. Hospitali ni Jumatatu peke yake, siku nyingine zote tuko huru. Tuelekezeni: tule wapi, tununue wapi, tutembelee nini. Magoti ya mama mnayajua, ngazi nyingi hawezi. Na bangili za harusi ya Rehema tumeagizwa.

Shangazi Mwanaidi: Waaleykum salaam, marahaba mwanangu. Kwanza kabisa Rehema apimwe mkono leo, kabla hata hamjafunga mabegi. Bangili za pale ni za lakiri, ni mviringo mzima, hazipanuki wala hazifunguki. Ukikosea saizi hakuna fundi Tanga atakayekurekebishia.

Rehema: Shikamoo shangazi. Nipime kifundo cha mkono?

Shangazi Mwanaidi: Marahaba. Hapana, kifundo hakisaidii, maana bangili haikwami pale. Inakwama kwenye fundo za vidole. Kunja kidole gumba kilale ndani ya kiganja kikielekea kidole kidogo, kama unavyofanya ukivaa bangili, halafu zungusha uzi pale palipo panapana zaidi. Ubane uzi bila kukaza, kisha uulaze kwenye rula. Pima mikono yote miwili, haiko sawa.

Shangazi Mwanaidi: Saizi zao zinaandikwa 2.4, 2.6, 2.8, 2.10. Hapa ndipo wengi wanapotea. Namba ya baada ya nukta si desimali, ni sehemu za 16 za inchi. Kwa hiyo 2.10 ni KUBWA kuliko 2.8. Kwa mzunguko wa uzi wako: sentimita 18 ni 2.4, sentimita 19 ni 2.6, sentimita 20 ni 2.8, na 21 kasoro kidogo ni 2.10. Ukiangukia katikati, panda juu. Lakiri ni ngumu na nene, haitelezi kama bangili za kioo.

Rehema: Nikitoka kazini napima.

Kaka Fadhili: Zuu, jambo la pili ni Ijumaa. Jumba la makumbusho la Salar Jung limefungwa Ijumaa, na kasri la Chowmahalla limefungwa Ijumaa. Wageni wengi hupanga mji wa zamani siku hiyo kwa sababu ya kuswali Makkah Masjid, wanakuta milango miwili mikubwa imefungwa na barabara ya Charminar, lile jengo la minara minne, imejaa watu. Vyote viwili vimalizeni Alhamisi.

Zuhura: Ahsante kaka. Vyote kwa siku moja mama ataweza?

Kaka Fadhili: Ataweza mkianza na Salar Jung saa 4 asubuhi. Msijaribu kuona vyumba vyote, vinachosha hata vijana. Nendeni kwa sanamu ya Rebecca mwenye shela, kazi ya mchongaji Benzoni ya 1876. Ni marumaru tupu, lakini unaona uso chini ya kitambaa. Halafu mkae uani mbele ya saa ya muziki kabla ya saa 6 mchana. Kuna kijitu kinatoka ndani kugonga kengele, na saa 6 kinagonga mara 12. Fikeni robo saa mapema, viti vinajaa. Kisha chakula, kisha bajaji hadi Chowmahalla. Pale ni tambarare, ukumbi wa Khilwat una mataa ya vioo ambayo mama atapenda kukaa akiyatazama tu.

Mjomba Salim: Na Charminar yenyewe asipande. Ngazi zake ni za kuzunguka, nyembamba, zina giza, na wanaoshuka wanakutana na wanaopanda. Jengo limejengwa 1591 na Muhammad Quli Qutb Shah, mwaka ule ule alipouanzisha mji. Uzuri wake unaonekana kutoka chini, hasa jioni taa zikiwashwa. Tiketi ya mgeni ni rupia 300, za mwenyeji 25, kwa hiyo kama hampandi hamna sababu ya kulipa. Sogeeni Makkah Masjid, ni hatua chache. Ulianza kujengwa na wafalme wa Qutb Shahi, mfalme wa Mughal, Aurangzeb, akaukamilisha 1694. Nguo ndefu, viatu nje, na mwe na mfuko wa kubebea viatu.

Zuhura: Shikamoo mjomba. Na ngome ya Golconda je?

Mjomba Salim: Marahaba. Golconda Jumamosi, saa 3 asubuhi mwe mlangoni, kabla mawe hayajapata moto. Kufika juu kileleni, panaitwa Bala Hisar, ni ngazi 360 hivi, hizo ni zako wewe. Mama abaki chini kwenye kuba la lango apige makofi. Wewe ukiwa juu, umbali wa kilomita 1 hivi, utayasikia. Walinzi walijulishana hivyo kwamba kuna mgeni au adui. Makofi yapigwe chini ya kuba hasa, katikati. Ukisogea pembeni sauti haipandi, na watu wengi hudhani ni uongo kwa kuwa wamesimama pabaya.

Mjomba Salim: Ngome ile ilimshinda Aurangzeb kwa miezi 8 mwaka 1687, ikaingiwa kwa lango lililofunguliwa na msaliti. Beba maji, juu hakuna kivuli cha kutosha. Mkitoka hapo, makaburi ya wafalme wa Qutb Shahi yako jirani tu, bajaji dakika chache. Yamekarabatiwa na Aga Khan Trust for Culture tangu 2013. Kuna bustani na njia nzuri, mama atatembea bila taabu. Mimi ningeyapa muda zaidi kuliko Charminar.

Mama Nasra: Mmemaliza mawe? Sasa chakula 😊

Zuhura: Mama Nasra shikamoo, tulikuwa tunakungoja wewe.

Mama Nasra: Marahaba mama. Anza kwa kujua kwamba biriani yao siyo yetu. Sisi masala tunapika mbali, wali mbali, tunakutanisha kwenye sahani. Wao wanaweka nyama MBICHI iliyolala kwenye mtindi na viungo chini ya sufuria, juu yake wali ulioiva nusu, wanaziba mfuniko kwa donge la unga na kupalia moto. Nyama na wali vinaiva pamoja kwa mvuke wake. Kwa hiyo usiombe wapunguze pilipili, haiwezekani, imeshaingia tangu jana. Wa kupoza ni mtindi unaoletwa pembeni. Ule mchuzi mwingine, mirchi ka salan, ni pilipili mbichi ndani ya karanga, ufuta na ukwaju. Mtamu sana, ila mama auonje kwanza kwa ncha ya kijiko.

Mama Nasra: Nendeni mchana, saa 6 na nusu hadi saa 8, sufuria zikifunguliwa. Usiku wa manane unapewa wali wa juu uliokauka, rojo limeisha chini. Na mwambie mhudumu achote mpaka chini ya sufuria, si kupakua juu juu. Sahani moja inawatosha wawili, msiagize mbili. Karibu na Charminar ni mgahawa wa Shadab, upande wa mtaa unaoitwa Madina. Mkiwa upande wa pili wa mji kuna Cafe Bahar na Bawarchi ya RTC X Roads. "Mutton" pale ni mbuzi.

Kaka Fadhili: Na Paradise?

Mama Nasra: Jina kubwa, panakalika, pana vyoo safi, na kwa mama mgonjwa hilo si dogo. Ladha naipa Shadab.

Kaka Fadhili: Mimi Bahar. Wali wao haushikani.

Mama Nasra: Haya, Zuhura atakula kote mbili atatuambia. Asubuhi, Zuu, siku moja muamke mapema mle nihari, supu ya nyama iliyochemka usiku kucha, pamoja na paya, yaani makongoro ya mbuzi. Ikifika saa 3 imekwisha au imebaki maji. Mikate ya kulia hiyo supu chukueni Munshi Naan, upande wa Purani Haveli, wanaoka tangu 1851. Mkate wao una pembe nne. Hakuna viti, unanunua kwenye kaunta ukiwa wa moto, unaondoka nao. Ukipoa unakuwa kama ngozi, usiuweke wa jioni.

Zuhura: Na haleem? Kila mtu anaitaja.

Mama Nasra: Haleem ni ndugu wa bokoboko. Ngano na nyama vinapikwa saa nyingi, vinapondwa kwa miti mpaka vinavutika. Tofauti ni kwamba wao wanatia dengu, viungo vingi, na juu kitunguu cha kukaanga, ndimu, nanaa na samli. Msimu wake ni Ramadhani, wakati huo utaiona kila kona, Pista House na Shah Ghouse foleni hadi barabarani. Nje ya Ramadhani inapatikana sehemu chache, na mara nyingi haina ile mvutano. Nyie hamwendi Ramadhani, msihangaike kuitafuta.

Mjomba Salim: Ladha ya harees, yaani bokoboko la Kiarabu, waliipeleka Waarabu wa Hadhramaut, askari wa Nizam, mtawala wa Hyderabad. Watoto wao wako mpaka leo mtaa wa Barkas, kusini ya Charminar. Jina limetokana na kambi za askari. Utaona wazee wamevaa shuka kiunoni kama mitaa yetu ya pwani. Ijumaa jioni nendeni huko mle mandi, wali na nyama wa Kiyemeni, kwenye sinia. Sinia la watu wawili lipo. Na mjue pia kuna mtaa unaitwa A.C. Guards, upande wa Masab Tank. Herufi hizo ni African Cavalry Guards, askari wapanda farasi wa Nizam wenye asili ya Afrika. Vizazi vyao bado wako pale.

Zuhura: Mjomba hilo sikulijua kabisa. Mama amefurahi, anasema lazima tufike.

Kaka Fadhili: Chai: Nimrah, ubavuni kwa Charminar. Chai ya Irani majani yanachemka peke yake kwenye birika lililofunikwa, maziwa yanachemka peke yake mpaka yanakuwa mazito, vinakutana kikombeni. Agiza na biskuti za Osmania, zina chumvi kidogo na sukari kidogo. Chovya haraka utoe, ukihesabu mpaka tatu inadondoka ndani.

Shangazi Mwanaidi: Turudi sokoni. Laad Bazaar ni barabara inayotoka Charminar kuelekea magharibi. Msiende asubuhi, maduka mengi yanafunguka karibu saa 5, na uzuri wake ni baada ya magharibi. Tembeeni barabara nzima mara moja bila kununua. Maduka ya mwanzoni bei iko juu. Bangili zenye vijiwe vilivyopachikwa kwa mkono, mmoja mmoja, ndizo za lakiri yenyewe. Pitisha kucha juu ya vijiwe: kikicheza kimoja, acha hiyo seti. Tazama na upande wa ndani, uwe laini, usiwe na ufa. Ufa mdogo leo ni bangili mbili kesho.

Shangazi Mwanaidi: Na jueni adui zake. Lakiri inalainika kwa joto na inayeyuka kwa spiriti. Msiiache ndani ya gari juani, na Rehema asijipulizie manukato yenye spiriti akiwa amezivaa. Udi na mafuta ya atari sawa. Kwenye ndege ziwe mkoba wa mkononi, mmezisokota kwenye khanga, si begi la chini.

Rehema: Nimeelewa shangazi. Na lulu je? Mama mkwe ametaja lulu za Hyderabad.

Shangazi Mwanaidi: Hyderabad haina bahari, Rehema. Sifa yake ni kuzitoboa, kuzipanga na kuziuza. Zamani zilitoka Ghuba, leo nyingi ni za maji baridi kutoka Uchina, na hakuna ubaya mkijua mnacholipia. Maduka yako Patthargatti, barabara ya kwenda Charminar. Sugueni mbili moja kwa nyingine: halisi zinakwaruzana kidogo kama mchanga laini, bandia zinateleza. Chungulieni tundu, bandia rangi imebanduka pembezoni. Muuzaji akiwasha kiberiti kuonyesha haiungui, msishtuke kwa furaha, kioo nacho hakiungui. Na ombeni fundo la uzi kati ya kila lulu na mwenzake. Uzi ukikatika inadondoka moja, si mkufu mzima. Risiti iandike ni lulu ya aina gani.

Kaka Fadhili: Kuhusu usafiri, bajaji piteni kwenye programu ya simu, Uber, Ola au Rapido, bei inaonekana kabla. Barabarani wanakataa mita. Gari haliingii mpaka miguuni mwa Charminar, mtashushwa Madina au karibu yake, kwa hiyo mama avae viatu vya kutembelea. Maduka madogo yanapenda malipo ya simu yao ambayo ninyi hamna, wekeni noti za rupia 50 na 100. Mkisumbuliwa na wachuuzi semeni "nakko". Ni "sitaki" ya Kihyderabadi, na wanacheka wanakuacha.

Zuhura: Nimeandika yote. Alhamisi Salar Jung, Chowmahalla, chai, Laad Bazaar jioni. Ijumaa asubuhi kupumzika, jioni Barkas. Jumamosi Golconda na makaburi. Jumapili?

Mama Nasra: Jumapili nihari alfajiri, kisha Moazzam Jahi Market. Jengo la mawe la 1935, lina aiskrimu ya matunda, na Karachi Bakery ni jirani, chukueni biskuti za matunda za kuja nazo. Jioni msile kizito, Jumatatu kuna vipimo vya mama.

Shangazi Mwanaidi: Na kama daktari ataagiza afunge kula, mjue saa ngapi tangu Jumamosi.

Rehema: Nimepima. Kulia sentimita 19 na milimita 4. Kushoto 18 na milimita 9.

Shangazi Mwanaidi: Umekunja gumba?

Rehema: Nimekunja, mara tatu, namba ni ile ile.

Shangazi Mwanaidi: Basi mkono wa kulia 2.8, wa kushoto 2.6. Zuhura, muuzaji atataka kukuuzia seti moja ya saizi moja. Mwambie achanganye masanduku mawili ya nakshi ile ile, wanayo. Na rangi ni kijani, siyo nyekundu.